Picha za Zamani za Mji Mdogo: Mwongozo wa Kuzikusanya, Kuzitambua na Kuzihifadhi katika Miji ya Pemba

Katika miji mitatu ya Pemba, yaani Wete, Chake Chake na Mkoani, picha za zamani hazikuwekwa mahali pamoja. Zimo makabatini, katika masanduku ya mbao ya bibi zetu, ndani ya bahasha za hati za mashamba ya mikarafuu, na ukutani katika fremu ambazo vioo vyake vimeshaingia ukungu. Nyingine zimo Muscat, Dubai, London, Mombasa na Dar es Salaam, kwa sababu familia nyingi zilitawanyika baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na wengi walioondoka walichukua albamu zao. Mwongozo huu ni kwa mtu mmoja au kikundi kidogo kinachotaka kuzikusanya picha za watu na majengo ya mji wake, bila ya fedha nyingi wala mitambo mikubwa.

Wengi wanaoianza kazi hii hutafuta skana kwanza. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Karatasi ya picha ya rangi nyeusi na nyeupe ikiwekwa pakavu huweza kudumu miaka mia moja na zaidi, lakini mtu aliyezaliwa mwaka 1940, ambaye anamjua kila kijana aliyesimama katika picha ya timu ya mpira ya mtaa wake, amekwishapita umri wa miaka themanini. Kwa hiyo utaratibu uliomo humu unatanguliza majina, na mashine zinafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: kuweka mipaka na kujitambulisha

Chagueni mji mmoja, na ndani ya mji huo anzeni na mtaa mmoja au miwili. Anayetaka kuikamilisha Pemba nzima kwa mara moja ataishia kuwa na rundo la picha zisizo na maelezo. Amueni pia mwisho wa kipindi, kwa mfano picha zilizopigwa kabla ya mwaka 1985, na amueni kama mtapokea picha za harusi, za skuli, za maulidi, za mchezo wa ng'ombe, za bandarini na za uanikaji wa karafuu, au majengo na mitaa peke yake. Mimi napendekeza zote zipokelewe, kwa kuwa katika miji yetu majengo mara nyingi yanaonekana nyuma ya watu, si peke yake. Ukuta wa nyumba iliyobomolewa zamani unaweza kubakia katika picha ya mtoto aliyesimamishwa barazani siku ya Idi.

Kisha mwendeeni sheha wa shehia husika mumweleze kazi mnayoifanya, nani ataziona picha na zitawekwa wapi. Kikundi kiwe na wanawake na wanaume. Hili ni sharti la kazi yenyewe: katika nyumba nyingi za Pemba, albamu ya akina mama haifunguliwi mbele ya mwanamume asiyekuwa wa nyumba hiyo, na ndivyo inavyostahiki kuwa.

Hatua ya pili: kuomba ruhusa kwa adabu na kwa maandishi

Ziara ya kwanza isiwe ya kuchukua chochote. Pigeni hodi, wasalimuni wenyewe kwa shikamoo yao, elezeni nyinyi ni watoto wa nani, na ombeni kuonyeshwa. Mkikubaliwa, ruhusa iandikwe katika karatasi fupi yenye jina la mwenye picha, idadi ya picha, tarehe, na mambo anayoyaridhia.

Kuna daraja tatu za ruhusa zinazofaa kuandikwa kwa kila picha, si kwa albamu nzima: picha ya wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuiona, picha ya ukoo, ambayo itaonyeshwa jamaa tu, na picha ya kufungwa, ambayo itahifadhiwa lakini haitaonyeshwa mpaka mwenyewe au warithi wake waseme vingine. Picha za wanawake waliopigwa ndani ya nyumba bila ya buibui, na picha za biharusi siku ya kutolewa ukumbini, ziingizwe daraja la pili au la tatu isipokuwa wenyewe wamesema wazi kwamba hawana pingamizi. Mtu akibadilisha kauli baada ya mwaka mmoja, kauli yake mpya ifuatwe.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mwenye karatasi ya picha si lazima awe ndiye mwenye hakimiliki, kwani aliyeipiga au studio yake inaweza kuwa na haki pia. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi inayoisimamia, COSOZA; kabla ya kuchapisha kitabu au kuuza nakala, waulizeni wao.

Inapowezekana, picha isitoke ndani ya nyumba. Pelekeni simu au skana huko huko. Ikilazimu kuchukuliwa, iandikwe stakabadhi na siku ya kurudishwa, na siku hiyo isivukwe. Familia moja ikicheleweshewa picha yake, mtaa mzima utazifunga albamu zake.

Hatua ya tatu: kuishika picha bila ya kuiumiza

Osheni mikono na muikaushe vizuri, kisha mshike picha kwa kingo zake. Picha iliyogandana na kioo cha fremu isibanduliwe, kwa sababu ile gelatini iliyobeba sura itabaki kwenye kioo. Ipigwe nakala ikiwa hapo hapo kiooni. Picha zilizobandikwa katika albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu, ambazo zilipendwa sana kuanzia miaka ya 1970, nazo zisivutwe kwa nguvu. Ukurasa wote unaweza kuskaniwa kama ulivyo. Iliyochanika isiungwe kwa selotepu, na hakuna picha ya asili inayopaswa kupelekwa kufanyiwa lamineti, desturi ambayo imekwishaharibu picha nyingi nzuri, kwa kuwa joto na plastiki ile haviondoki tena.

Ikiwa ina ukungu, ipelekwe nje penye kivuli na upepo, ikauke, kisha ufutwe kidogo kidogo kwa brashi laini ya rangi ya maji huku aliyeshika brashi amejifunika pua na mdomo. Kitambaa cha maji kisitumike.

Hatua ya nne: nambari na daftari

Kila picha ipewe nambari siku hiyo hiyo inapoonekana. Mfumo mwepesi unatosha: herufi tatu za mji na tarakimu nne, kwa mfano WET-0001 au CHA-0001, kisha A kwa upande wa mbele na B kwa upande wa nyuma. Nambari iandikwe kwa penseli laini kwenye kona ya nyuma, wala si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya na kuonekana mbele baada ya miaka. Karatasi zenye utando wa plastiki, ambazo zilienea tangu miaka ya 1970, hazishiki penseli. Hizo nambari iandikwe juu ya bahasha yake.

Daftari gumu la kaunta ni bora kuliko kompyuta peke yake. Andikeni nambari, mwenye picha, mahali ilipoonekana, vipimo vya karatasi kwa sentimita, maandishi yote yaliyopo nyuma kama yalivyo pamoja na makosa yake, daraja la ruhusa, na nafasi kubwa iliyobakishwa kwa ajili ya majina. Maandishi ya nyuma yakiwa kwa herufi za Kiarabu, kama yanavyokuwa mara nyingi katika picha za wazee wetu, yanakiliwe kwa herufi hizo hizo na mtu anayezisoma vizuri kabla ya kuyahamishia katika herufi za Kirumi.

Hatua ya tano: majina

Hapa ndipo panapostahiki muda mwingi kuliko sehemu nyingine zote. Tengenezeni nakala kubwa ya picha, ukubwa wa karatasi ya A4 au zaidi, na juu yake mweke karatasi ya kuonea, ile nyembamba inayopitisha mwanga, ambayo kila kichwa kimechorwa duara na kupewa nambari, kuanzia safu ya nyuma, kushoto kwenda kulia kwa anayeitazama. Wazee wengi hawaoni vizuri picha ya sentimita sita kwa tisa, nao huona haya kusema hawaoni, kwa hivyo hujibu kwamba hawamjui mtu. Nakala kubwa na mwanga wa mchana huleta majina ambayo karatasi ndogo iliyaficha.

Msimtajie mzee jina kabla hajalitaja mwenyewe. Ukimwuliza, "Bibi, huyu si marehemu mwalimu fulani?", kwa upole wake atakubali. Muulize, "Bibi, huyu aliyekaa mbele unamkumbuka?", kisha unyamaze. Muacheni azungumze hata akitoka nje ya picha, maana anapoeleza kwamba nyumba ile ilikuwa ya muuza vitambaa na kwamba gari la abiria lilikuwa likisimama pale, anawapa habari za jengo ambazo hazimo katika faili lolote. Mazungumzo yarekodiwe kwa simu, kwa idhini yake, na mwanzoni mwa sauti zitamkwe tarehe, mahali na nambari ya picha.

Jina moja na mtaa havitoshi, kwa kuwa katika mji mdogo wenye majina hayo huwa ni wengi. Tafuteni jina la mtu, la baba na la babu, lakabu aliyojulikana nayo mjini, kazi yake, mama yake ni nani ikiwa familia inaridhia, na kama yuko hai. Kila jina liandikiwe aliyelitaja na kiasi cha uhakika wake: ana yakini, anadhani, au amesikia kwa wengine. Picha hiyo hiyo ionyeshwe kwa watu wasiopungua wawili, kila mmoja peke yake. Wakiwa pamoja barazani, mkubwa wao akishasema, wengine hunyamaza kwa heshima. Wakihitilafiana, yaandikwe majina yote mawili. Si kazi ya mkusanyaji kuhukumu baina yao.

Kuna fungu la picha ambalo linanigusa zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja ziliuza kwa wageni kadi za posta zenye sura za watu wa visiwa hivi, na chini yake yakachapwa maneno ya kuwaita kwa kabila au kazi tu, kana kwamba hawakuwa na majina. Maneno hayo yanakiliwe kama yalivyo, kwa sababu ni sehemu ya historia ya kadi, lakini yasigeuzwe kuwa maelezo yenu. Na mkiona picha ya mtu aliyevaa vibaya au aliyebeba mzigo, msimwandike kuwa ni mtumwa kwa kumtazama tu. Andikeni kinachoonekana.

Hatua ya sita: kukadiria mwaka

Tarehe kamili ni nadra kupatikana. Kinachowezekana mara nyingi ni kusema kwamba picha si ya kabla ya mwaka fulani na si ya baada ya mwaka fulani, na kuandika sababu ya kila upande.

Anzeni na karatasi. Picha nyembamba ya rangi ya kahawia iliyobandikwa juu ya kadi ngumu, yenye ukubwa wa karibu sentimita 6 kwa 10 au sentimita 11 kwa 16 na nusu, ni mtindo wa nusu ya pili ya karne ya 19 uliofika hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Kadi ya posta ambayo nyuma yake pote ni nafasi ya anwani tu inaelekea kuwa ya zamani kuliko ile iliyogawanywa kwa mstari katikati, kwani Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902. Picha za rangi ambazo sasa zimegeuka nyekundu au za machungwa ni nyingi katika zile za miaka ya 1960 na 1970.

Kisha tazameni muhuri wa studio. Watu wengi wa Pemba walipigwa picha Unguja walipokwenda kwa safari, hospitali au harusi, na pazia lililochorwa nguzo au bustani nyuma yao si la Wete wala la Chake Chake. Miongoni mwa majina yanayoonekana ni A. C. Gomes, P. F. Gomes, Coutinho na Pereira de Lord. Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye ikaendelezwa na mwanawe Rohit Oza. Kwa hiyo picha yenye muhuri wa studio hiyo haikuchapwa kabla ya 1930. Lakini tahadharini: studio ziliweza kuuza kwa miaka mingi nakala zilizotokana na negativu (filamu au vioo vya asili ambavyo picha huchapwa kutokana navyo) za zamani, hivyo muhuri unasema karatasi ilichapwa lini, na huenda picha yenyewe ilipigwa mapema zaidi.

Majengo yana ushahidi wenye nguvu. Katika picha za familia zilizopigwa Forodhani, Unguja, jumba la kifalme la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, husaidia sana. Mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya jengo uliharibiwa katika shambulio la manowari za Kiingereza la tarehe 27 Agosti 1896, na baada ya hapo ndipo mnara wa saa ulipounganishwa na uso wa jengo lenyewe. Picha inayoonyesha mnara uliojitenga ukiwa mzima mbele ya jengo hilo, basi, ni ya kati ya 1883 na Agosti 1896. Kwa Pemba, tazameni majumba ya ghorofa ya serikali ya Mtemani mjini Wete, ya Madungu Chake Chake, na yale ya Mkoani, ambayo yalijengwa baada ya Mapinduzi: yakiwamo, picha si ya kabla ya 1964. Yasipoonekana mahali ambapo yangelazimika kuonekana, mna dalili ya upande wa pili. Mapaa nayo yatazamwe, makuti au mabati, ingawa nyumba mbili jirani zingeweza kutofautiana kwa miaka thelathini kwa sababu ya uwezo wa wenyewe.

Ndani ya ofisi na skuli, tafuteni picha ya mtawala iliyotundikwa ukutani. Seyyid Khalifa bin Harub alitawala kuanzia 1911 hadi 1960, muda mrefu usiosaidia peke yake. Lakini picha ya Mzee Abeid Amani Karume kama Rais inaelekeza kati ya 1964 na 1972, na ya Mzee Aboud Jumbe kati ya 1972 na 1984. Nguo zitumike kwa uangalifu, maana kanzu na kofia hazina mwaka, na joho la babu lingeweza kuvaliwa na mjukuu. Kanga yenye maandishi ya herufi za Kiarabu kwa kawaida ni ya zamani kuliko yenye herufi za Kirumi, lakini bibi huenda aliitunza kanga yake sandukuni miaka ishirini kabla ya kuivaa siku ya kupigwa picha.

Kivuli pia kinazungumza. Pemba iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwanzoni mwa Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri huwa upande wa kusini na vivuli huanguka kaskazini. Miezi mingine huwa kinyume chake. Mkijua jengo linaelekea wapi na picha ni ya adhuhuri, mtajua nusu gani ya mwaka. Karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi nazo zinaashiria msimu wa mavuno, na hapo mwenye kuvijua vikonyo na madaraja ya karafuu aulizwe, kwa sababu ataona mambo ambayo mkusanyaji hayaoni.

Hatua ya saba: kurudi mahali pa picha

Chukueni nakala, wala si picha ya asili, mwende nayo mtaani. Tafuteni kona mbili za majengo yaliyosalia, mjongee mbele au nyuma mpaka zipishane kama zinavyopishana katika picha; hapo ndipo aliposimama mpigaji. Pigeni picha mpya kutoka hapo, muandike majira ya nukta, yaani vipimo vya GPS vya mahali hapo, kutoka kwenye simu na jina la mahali kama linavyoitwa na wakaazi wa sasa na wa zamani. Picha za anga zilizopigwa kwa droni tangu mwaka 2016 katika kazi ya kuchora ramani ya Zanzibar husaidia kuona kiwanja kilichobakia msingi tu.

Hatua ya nane: kutengeneza nakala za kompyuta

Picha za karatasi ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi hata ikiwa ni nyeusi na nyeupe, na zihifadhiwe kwa TIFF, muundo wa faili usiopunguza ubora wa picha. Nakala ndogo za JPEG zitengenezwe kwa matumizi ya kila siku. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itachukua karibu megabaiti 25, kwa hiyo picha elfu moja, mbele na nyuma, ni karibu gigabaiti 50. Negativu za milimita 35 zinahitaji nukta 2400 hadi 4000. Pasipokuwa na skana, simu nzuri inatosha: picha ilale bapa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo, mwanga wa simu uzimwe, na rula iwekwe pembeni.

Nakala kuu isisafishwe, isikatwe kingo, na isitiwe rangi. Programu zinazotia rangi picha za zamani hubuni rangi ya kanga na ya ngozi ya mtu, na watu huzisadiki.

Hatua ya tisa: kuhifadhi na kurudisha

Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na ukungu hupenda pale unyevu unapopita asilimia 65. Picha ziwekwe katika bahasha za karatasi isiyo na tindikali, ndani ya boksi, katika chumba cha katikati ya nyumba, juu ya sakafu kwa angalau sentimita 15 na mbali na ukuta wa nje, ambako mchwa hupanda. Plastiki laini za PVC zenye harufu kali zisitumike. Negativu zinazonuka siki zitengwe na nyingine. Filamu za zamani za nitrati, zilizotengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto kwa wepesi sana. Zikishukiwa, zisiwekwe chumba cha kulala watu wala karibu na jiko, na watu wa Nyaraka za Taifa walioko Kilimani, Unguja, waombwe ushauri.

Faili ziwe na nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje, na moja nje ya mji kabisa. Seti moja pamoja na daftari lililochapwa ikipelekwa Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Pemba yaliyomo katika ngome ya Chake Chake, daraja za ruhusa ziandamane nayo kwa maandishi. Kwa picha zilizokwishatoka visiwani, inafaa kutazama katika intaneti mkusanyo wa Winterton uliopo Northwestern University nchini Marekani, wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika ya Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Majina mtakayoyatambua humo yaandikwe katika daftari lenu na wapelekewe wanaoutunza.

Mwenye picha arudishiwe picha yake pamoja na nakala mpya iliyochapwa vizuri na karatasi yenye majina yote yaliyopatikana. Mwachieni nambari ya simu ya kikundi, kwa kuwa baada ya wiki chache jamaa wataisoma karatasi hiyo na kusahihisha jina moja au mawili. Kila sahihisho liingizwe daftarini kwa tarehe, bila ya kulifuta lile la mwanzo, na mara moja kwa mwaka faili zote zifunguliwe ili kuhakikisha kwamba bado zinasomeka.